Axler, Royden au Folland? Kwa anayejiandaa na masta ya hesabu akiwa huku mwisho wa reli

Kuna mwalimu mwenzangu wa Kasulu kapata nafasi ya masta ya hesabu Dar, anaanza mwezi wa kumi, juzi usiku kanipigia anauliza swali moja tu: "Mwalimu, niprinti kipi?" Maana kwenye grupu la WhatsApp wamemrushia vitabu vya riali analisisi kama kumi na tano hivi, vyote vimeandikwa na watu wakubwa, wakiwemo hawa Axler, Royden na Folland, ukivifungua haraka haraka vyote vinafanana, na hela ya steshenari inatosha kitabu kimoja. Nikamwambia nitamwandikia, sio swali la kujibu kwenye simu, halafu nikaona bora niliandike hapa na wengine wasome, najua walimu wa hesabu wenye swali hilo wapo Kibondo, wapo Uvinza, wapo hata Tabora kule.

Jibu la haraka kama hutaki kusoma yote: uko peke yako na una miezi sita au zaidi, chukua Axler. Ila usiishie hapo, mimi jibu la haraka ndo liliniponza. Mwaka naenda masta nilimuuliza mtu akaniambia soma Folland ndo kiboko, nikakamata Folland, nikakaa naye miezi miwili hapa Mwanga, Kigoma, nikiwa nimefika ukurasa wa thelathini na kitu, nikajiona mi sina akili, nikaacha. Nimeingia darasani mtupu, testi ya kwanza nikapata maksi ambazo sizitaji hapa, mwisho wa semesta nikakamatwa sapu. Kitabu hakikuwa kibovu hata kidogo, tatizo nilikisoma kwa wakati ambao sio wake.

Kwanza tuelewane hii kozi ya riali analisisi ya masta ni nini, maana wengi tunadhani ni ile ya bachela imeongezwa chumvi. Bachela tulisoma epsiloni na delta, mfuatano, mwendelezo, intigro ya Riemann, na sisi wa ualimu tukasoma kwa kukimbia maana nusu ya muda tuko kwenye saikolojia ya elimu na BTP (mazoezi ya kufundisha mashuleni). Masta wanakuvusha kwenye intigro ya Lebesgue, jamaa Mfaransa aliyeiandika kwenye tasnifu yake mwaka 1902, na ili ufike kwenye hiyo intigro lazima kwanza ujue "kipimo" cha seti ni nini. Na hapo kwenye kipimo ndo vitabu vinapoachana njia, kila kimoja kinaingilia mlango wake.

Wazo lenyewe halina ugumu, twende nalo Kibirizi, sokoni kwa samaki hapa Kigoma. Mama anayeuza dagaa jioni anamwaga hela kwenye kanga anahesabu. Anaweza kuhesabu zilivyoingia, hii elfu mbili, hii elfu kumi, hii mia tano, hii elfu kumi tena, anajumlisha moja moja mpaka mwisho, huyo ni Riemann. Au anazipanga kwanza, elfu kumi kumi huku, elfu tano tano kule, mia tano zile, halafu anauliza kila fungu lina noti ngapi, anazidisha, anajumlisha mafungu. Huyo ni Lebesgue, na sijautunga mimi huo mfano wa hela, mwenyewe Lebesgue aliueleza hivyo hivyo. Sasa kwenye fankisheni, ukishapanga kwa thamani, lile swali la "ziko ngapi" linageuka kuwa "seti ya nukta zote zenye thamani hii ina ukubwa gani", na seti yenyewe inaweza kuwa ya ajabu kabisa, vumbi tupu limetawanyika, rula haigusi. Ndo maana kabla ya kuintigreti chochote unakaa wiki kadhaa unajifunza kupima seti, na wiki hizo ndo zinaua watu.

Chukua fankisheni kati ya 0 na 1 inayotoa 1 kwenye namba za sehemu (nusu, theluthi, robo na ndugu zake) na 0 kwingine kote. Riemann anashindwa hapo hapo, jumla ya juu inamwambia 1, ya chini inamwambia 0, hazikutani hata ukate vipande vidogo namna gani. Lebesgue anajibu sifuri, maana namba za sehemu zote zikiwekwa pamoja hazina urefu. Mbona ziko kila mahali? Zipo, ila zinapangika foleni, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Chukua kitenge chako chenye urefu epsiloni (namba yoyote ndogo iliyozidi sifuri), namba ya kwanza kwenye foleni ifunike na nusu yake, ya pili na robo, ya tatu na moja ya nane, unaenda hivyo hivyo, namba zote zimefunikwa na kitenge hakijazidi epsiloni. Epsiloni yenyewe unaichagua wewe, kwa hiyo urefu ni sifuri. Siku nimeelewa hiki nilikuwa kwenye foleni ya maji, nilicheka peke yangu watu wakanishangaa.

Sasa vitabu.

Royden ndo mzee wao hawa watatu, toleo la kwanza 1963, na unalokutana nalo siku hizi ni la nne, 2010, aliloliandika upya Fitzpatrick, zaidi ya kurasa 500. Anaanza na mstari wa namba halisi peke yake. Anakupa kipimo cha nje, ambacho ni hicho hicho cha kufunika seti na vipande na kutafuta jumla ndogo kuliko zote, halafu anakuletea sharti la Carathéodory: seti E inapimika kama kila seti nyingine A ukiikata kwa E, kipande cha ndani na kipande cha nje vikijumlishwa vinarudisha A kamili. Sharti hili ukilisoma mara ya kwanza unajiuliza limetoka mbinguni au wapi, linafanya kazi vizuri sana ila halikuambii kwa nini lenyewe na sio lingine. Raha ya Royden ni hatua zake ndogo, anajenga intigro kwa fankisheni zenye mpaka kwanza, halafu zisizo hasi, halafu zote, na vipimo vya jumla vya kidhahania anaviweka mbali huko nyuma ya kitabu ukiwa umeshapata miguu. Ubaya wake ni kwamba unasoma mara mbili, ulichopruvu (ulichothibitisha) mbele kwenye mstari unakuja kukipruvu tena nyuma kwa ujumla, na kama muda ni mfupi hiyo inauma. Na hilo toleo la nne lina makosa ya uchapaji, kuna zoezi nililipambania siku mbili kumbe swali lenyewe limeandikwa vibaya. Darasani unamuuliza lekchara dakika moja imeisha, ukiwa Kigoma peke yako unaanza kujitukana bure.

Folland ni kinyume chake kabisa. Toleo la kwanza 1984, la pili 1999, kurasa hazifiki 400 lakini zimeshindiliwa kama gunia la mkaa. Sura ya kwanza tu, kabla hujajua urefu wa chochote, anakupa sigma-aljebra (familia ya seti zinazoruhusiwa kupimwa) kwenye seti yoyote, kipimo chochote, Carathéodory kwa ujumla wake wote, na urefu wa kawaida wa mstari unakuja kama mfano mmoja tu wa jambo kubwa. Sentensi yake moja ni aya nzima ya Royden. Neno "dhahiri" kwa Folland maana yake chukua karatasi mbili na kalamu. Lakini sikilizeni, nilivyorudi kwake baada ya ile sapu, nikiwa nimeshaelewa mstari, nilikipenda mno. Kila kitu anakipruvu mara moja tu na kinatumika kote, ukija kusoma probabiliti unakuta ni theoremu zile zile ila kipimo cha nafasi nzima ni 1. Halafu ana topolojia, ana nafasi za Banach, ana Fourier, ana distribusheni, yaani ni kitabu cha kuzeeka nacho. Anayeenda masta akiwa na mpango wa PhD hakwepi Folland au kitu cha aina yake, swali ni lini.

Axler ndo mdogo wao, 2020, na la kwanza la kumsifia ni kwamba ni bure kihalali, mwenyewe kakiweka kwenye tovuti yake na wachapaji Springer wamekubali, unadaunlodi bila kuingia kwenye zile tovuti za vichochoroni. Kama kurasa 400 na kidogo. Anaanza na sura fupi inayoonyesha Riemann anashindwa wapi, kwa hiyo unajua kabisa unatafuta dawa ya ugonjwa gani. Halafu anakupa kipimo cha nje kwenye mstari, na kabla hujafurahi anakuonyesha kimeharibika, kwamba zipo seti mbili zisizogusana ambazo ukizijumlisha vipimo haviendani. (Hiyo ni habari ya Vitali, 1905, inatumia aksiomu ya uchaguzi, msiogope jina.) Ukishaona hilo ndo anakuletea sigma-aljebra, na hapo sasa unaelewa zimekuja kufanya nini, zimekuja kuchuja zile seti korofi. Carathéodory hamtumii kama mlango wa kuingilia, kwake seti ya kupimika ni ile inayotofautiana na seti ya Borel (seti inayojengwa kutokana na vipande vya kawaida vya mstari) kwa kitu chenye kipimo sifuri, na picha hiyo kwangu inakaa kichwani kuliko ile ya kukata A. Na intigro yenyewe akifika huko anaifanya moja kwa moja kwenye kipimo chochote, kwa hiyo husomi mara mbili kama kwa Royden.

Ubaya wa Axler upo na niuseme. Ni mlaini. Anakushika mkono mpaka unajiona umeelewa, halafu unafunga kitabu huwezi kuandika pruvu hata mistari mitano. Na kuna vitu amevisukumia kwenye mazoezi ambavyo lekchara wako atakuwekea kwenye mtihani kama chai na andazi, kwa mfano Lema ya Fatou (kanuni ya msingi ya limiti na intigro) kwa Axler ni zoezi tu, mtu anayeruka mazoezi anafika chuo hajawahi kuisikia. Darasani kwetu Fatou ilitajwa wiki ya tano na haikuisha kutajwa mpaka UE, mtihani wa mwisho wa semesta.

Nikitaka kumpima mtu kama kitabu kimemwingia namuuliza kuhusu DCT (Dominated Convergence Theorem), ile theoremu inayokuruhusu kupitisha limiti ndani ya intigro. Huwezi kupitisha hivi hivi. Chukua fankisheni yenye kimo n kati ya 0 na moja ya n, kwingine sifuri. Ni kama kichuguu kinachokondeana huku kinarefuka, eneo lake ni 1 siku zote, lakini simama kwenye nukta yoyote usubiri, kitakupita na utabaki na sifuri. Limiti ni sifuri, intigro ya limiti ni sifuri, limiti ya intigro ni 1. Eneo limeenda wapi? Limetorokea juu. DCT inasema kama ipo fankisheni moja yenye intigro ya kikomo inayozifunika zote juu kama bati (ukishaondoa alama za hasi), hakuna pa kutorokea na unapitisha limiti kwa amani. Royden anakufikisha hapo kwa ngazi nne, zote ni theoremu za kupitisha limiti: bounded konvejensi, kisha Fatou, kisha monotoni, kisha DCT, unachoka ila unafika na unajua kila ngazi. Folland anaenda monotoni, Fatou, DCT, kurasa chache tu kamaliza, ukipepesa macho umepitwa. Axler anapita monotoni kwanza, halafu bounded, halafu DCT, kwa kutumia theoremu ya Egorov, ambayo inasema mfuatano unaokutana nukta kwa nukta kwenye nafasi yenye kipimo cha kikomo unakutana kwa usawa ukikubali kutupa kipande kidogo. Mimi kwa pruvu yenyewe nampa Axler, kwa kukaa kichwani siku ya mtihani nampa Royden, zile ngazi nne naziona mpaka leo.

Mazoezi ni habari nyingine na hapa ndo ningependa mtu aangalie kabla ya kuangalia jina. Folland mazoezi yake sio mengi kihivyo ila kila moja ni mlima, na mengine anakuja kuyatumia sura ya mbele kana kwamba umeyafanya, ukiruka umeliwa. Royden anayo ya kila saizi, mepesi ya kupasha misuli na magumu, kwa hiyo hata siku umechoka na kusahihisha madaftari ya fomu two kuna moja utalifanya. Axler mengi mazuri na ya katikati. Majibu ndani ya kitabu hakuna hata kwa mmoja, na hayo madesa ya majibu yanayozunguka mitandaoni nusu yamekosewa, nimeyatumia, najua ninachosema. Ukitaka kujijua uko wapi andika pruvu leo, ifiche wiki nzima, isome kama unasahihisha kazi ya mwanafunzi unayemchukia.

Kuhusu kusomea kwenye simu: Axler anasomeka, ana visanduku vya rangi na nafasi nyeupe za kutosha, umeme ukikata unaendelea na simu mpaka chaji iishe. Folland kwenye simu ni kujitafutia miwani, zile herufi ndogo juu ya herufi ndogo hutaziona, huyo aprintiwe. Na ukiprinti Axler waambie steshenari nyeusi na nyeupe, rangi haibebi maana yoyote ya hesabu, hela yako inunue mawese. Video za mihadhara zipo nyingi na nyingine nzuri, ila zinakula bando kama moto wa kiangazi, mimi nilikuwa nazidaunlodi nikienda Dar nikirudi nazo kwenye flashi.

Kuna wengine wataniuliza mbona sijamtaja Rudin. Ile Rudin mkubwa ya 1966 (sio mdogo wa 1953, huyo ni wa bachela, na kama hukumsoma vizuri rudi kwake kwanza, narudia, RUDI) anaanza na intigro ya kidhahania sura ya kwanza na kipimo cha Lebesgue anakipata sura ya pili kupitia theoremu ya Riesz, yaani anajenga nyumba kuanzia kwenye bati. Pazuri pa kutazama ukishajenga yako. Stein na Shakarchi, 2005, hao wanapima kwenye nafasi ya dimensheni d kwa kutumia visanduku, seti inapimika kama unaweza kuifunika kwa seti wazi inayoizidi kidogo tu, picha nzuri, na kama mtu anapenda Fourier basi ni hao. Tao naye ana cha kwake cha 2011 na rasimu iko bure kwenye blogu yake, ila mazoezi yake yamo katikati ya maelezo, usipoyafanya hakuna kitabu kilichobaki.

Sasa mwalimu wangu wa Kasulu, wewe. Ulisoma ualimu, analisisi uliipata semesta moja kama mimi, una miezi saba, unafundisha vipindi sijui ishirini na ngapi kwa wiki na huna mtu wa kumuuliza huko. Usiprinti Folland. Chukua Axler kwenye simu leo leo, hela ya steshenari printi sura za Royden za kipimo na intigro kwenye mstari tu, sio kitabu kizima, hizo ni kwa ajili ya mazoezi na zile ngazi nne. Ukikuta mahali Axler kakupitisha kirahisi, fungua Royden uone anavyotokwa jasho pale pale. Fatou ifanye kwa mkono wako kabla ya Agosti. Mwenye bachela ya hesabu tupu, aliyesoma topolojia na mambo ya nafasi za metriki na akafaulu bila kudesa, huyo hali yake ni tofauti, aende Folland moja kwa moja asipoteze muda, na anayekwenda kusoma takwimu au probabiliti akitaka pia aende huko huko maana vipimo vya kidhahania atavikuta wiki ya kwanza.

Kingine, tafuta mwenza. Mimi nilichokosa mara ya kwanza kuliko kitabu ni mtu wa kuniambia "hapo umedanganya". Pruvu ya uongo ukiwa peke yako inaonekana nzuri sana, imenyooka, ina hadi kile kisanduku cha mwisho. Jumamosi nipo nyumbani Mwanga, panda gari la asubuhi, njoo na daftari na swali moja la seti ya Cantor: unachukua kipande cha 0 mpaka 1, unakata theluthi ya katikati, halafu theluthi za katikati za vipande viwili vilivyobaki, unaendelea bila mwisho, jumla ya ulivyovitupa ni 1 kamili, na ulichobakiza kina nukta nyingi sawa na ulichoanza nacho. Usinitajie jibu kwenye simu, njoo unipruvie ubaoni.